Baraza ya Hoteli ya Mbeya na Njia Panda ya Makambako

Msafiri atokaye Iringa kwenda nyanda za juu za kusini, akiisha kuiacha Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, hufika Makambako, na hapo hana budi kuchagua. Akipinda kushoto atashika njia ya Njombe, mwendo wa kilomita zipatazo 60, katika nchi ya baridi na ukungu, nchi ya chai, miwati na viazi. Na akiendelea mbele atafika Songea, hata mto Ruvuma ulio mpaka wetu na Msumbiji. Asipopinda, atashuka upande wa Usangu, apite Igawa na Chimala, aingie Mbeya, na baada ya Mbeya ni Tunduma na nchi ya Zambia. Makambako ni mji uliolelewa na njia hizo mbili. Tangu mwaka 2012, Njombe ilipofanywa mkoa kamili baada ya kuwa sehemu ya mkoa wa Iringa kwa miaka mingi, mji huo umekuwa ndio mlango wa mkoa.

Msomaji wetu wa visiwani huenda akauliza: yatuhusu nini sisi tunaoishi na bahari, habari za njia panda iliyo bara, mahali ambapo asubuhi watu hutoka majumbani wamejifunika mablanketi? Yatuhusu. Katika barabara ile ya kuelekea Mbeya kuna jambo lililotukia mwaka 1962, jambo dogo sana kwa kulitazama, ambalo limeandikwa katika kitabu kinachosomwa dunia nzima. Halikutukia Ikulu wala katika ukumbi wa Bunge. Lilitukia katika baraza ya hoteli ya mji mdogo, watu wakiwa wameketi kuzungumza. Na sisi wa visiwani, kama kuna jambo tunalolijua vizuri, ni thamani ya baraza.

Mwezi wa Januari mwaka huo, Tanganyika ilikuwa na umri wa wiki chache tu tangu ipate uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 11 Januari, mwanasheria mmoja wa Afrika Kusini, mwenye umri wa miaka 43, alivuka mpaka wa nchi yake kwa siri akaingia Bechuanaland, ambayo siku hizi ni Botswana. Jina lake lilikuwa Nelson Mandela. Kwao alikuwa mashuhuri tayari, na polisi walikuwa wakimsaka. Lakini nje ya Afrika Kusini ni wachache waliomjua. Chama chake, African National Congress, kilikuwa kimepigwa marufuku tangu Aprili 1960. Jeshi la siri alilokuwa kiongozi wake, Umkhonto we Sizwe, lilikuwa limejitangaza tarehe 16 Desemba 1961, mwezi uleule wa uhuru wetu. Hakuwa na pasipoti. Hakuwa amewahi kutoka nje ya nchi yake kwa kazi ya siasa. Kama tunazungumza juu ya mwanzo wa kazi ya mtu huyu mbele ya mataifa, basi mwanzo wenyewe ndio huu, na mlango alioingilia ulikuwa Mbeya.

Alisafiri kwa ndege ndogo pamoja na mwenzake Joe Matthews. Kutoka Lobatse waliruka hadi Kasane, kaskazini ya Bechuanaland, na kutoka Kasane wakashika njia ya Mbeya. Karibu na milima, hali ya hewa ilichafuka. Rubani aliita kiwanja cha Mbeya kwa redio, akaita tena, asipate jawabu. Ndege ikarushwarushwa na upepo. Ukungu ukawa mzito. Rubani akashuka chini akafuata barabara iliyojipinda kati ya milima, mpaka nayo ikapotea machoni. Safari moja waliukosa mlima kwa nafasi ndogo sana, na Mandela ameandika kwamba alijihesabu amekwisha kufa. Kisha mawingu yakafunguka ghafla, na jua likawaka. Mwenyeji wa Mbeya au wa Njombe akisoma habari hiyo hatastaajabu. Ndivyo ulivyo mwezi wa Januari katika nyanda zile.

Walipokwisha kutua walikwenda kwenye hoteli ya mji. Hapo ndipo Mandela alipoona kitu ambacho macho yake hayajapata kukiona. Katika baraza ya hoteli walikuwa wameketi watu weusi na watu weupe pamoja, wakizungumza kwa taratibu kama watu wafanyavyo mahali popote penye amani. Mtu wa miaka 43, mwanasheria aliyezoea mahakama, hakuwa amepata katika umri wake wote kuingia hoteli au mahali pa hadhara pasipo na mipaka ya rangi. Kwao, benchi ya bustani ilikuwa na rangi yake, na mlango wa posta ulikuwa na rangi yake. Hapa hapakuwa na kibao chochote.

Mgeni huyo na mwenzake walikuwa wakimngojea John Mwakangale, kiongozi wa TANU na mbunge, mmoja wa watu wa nyanda zile walioshughulika sana na umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika ya Mashariki na Kati. Kumbe Mwakangale alikwisha kufika kuwaulizia, na karani wa mapokezi, mwanamke wa Kizungu, hakuwapa habari. Ndipo Mwafrika mmoja, aliyekuwa mgeni wa hoteli hiyohiyo, alipomwendea karani akamwuliza kwa adabu kama Bwana Mwakangale hakuwaulizia mabwana hawa wawili. Karani akakiri kwamba aliwaulizia, na kwamba yeye amesahau kuwaambia. Yule Mwafrika hakupaza sauti. Alimwambia kwa upole, lakini kwa mkazo, kwamba awe mwangalifu, kwa kuwa watu hawa ni wageni wao na wapaswa kuangaliwa ipasavyo.

Ni hayo tu. Hakuna risasi iliyolia, wala hotuba, wala bendera iliyopandishwa. Lakini Mandela ameeleza kwamba kwa kuyaona hayo ndipo alipotambua kweli kwamba yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiona mtu huru. Alikuwa angali akisakwa nyumbani kwao, lakini huko Mbeya, anasema, alijisikia kama aliyetuliwa mzigo.

Tumelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu aghalabu husimuliwa kwa haraka, kama dibaji ya safari ya kwenda Dar es Salaam. Kesho yake alifika huko, akakutana na Mwalimu Julius Nyerere katika nyumba isiyokuwa na makuu, akaona ya kuwa kiongozi wa nchi anajiendeshea mwenyewe gari dogo. Katika mazungumzo hawakukubaliana kwa kila jambo. Mwalimu aliona afadhali vita vya silaha vingoje mpaka Robert Sobukwe wa chama cha PAC atoke kifungoni; Mandela hakuona hivyo. Hata hivyo alipewa njia ya kumfikia Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, na akapewa jambo jingine lililokuwa muhimu kwa mtu asiye na pasipoti: hati ya serikali ya Tanganyika iliyomtaja kwa jina na uraia wake, na kueleza kwamba ameruhusiwa kutoka Tanganyika na kurudi. Kwa karatasi hiyo alizunguka nchi nyingi za Afrika.

Mwezi wa Julai alirudi kwa njia ileile. Dar es Salaam aliwakuta vijana wa kwanza wa Umkhonto wakiwa njiani kwenda mafunzoni Ethiopia, nao wakampigia saluti ya kijeshi. Kisha akapewa ndege ya kumfikisha Mbeya, na kutoka Mbeya akaruka tena kwenda Bechuanaland. Tarehe 5 Agosti 1962 alikamatwa karibu na Howick, katika jimbo la Natal. Mwezi wa Novemba alihukumiwa kifungo cha miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo, na miwili kwa kutoka nchini bila hati halali ya kusafiria. Msomaji na azingatie hiyo miaka miwili. Ndiyo malipo aliyotozwa kwa ile safari, na ndani yake imo ile saa aliyoketi barazani Mbeya.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe. Mandela katika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1994, hakuitaja hoteli kwa jina; alisema tu hoteli ya mahali pale. Mbeya ya mwaka 1962 ilikuwa mji mdogo, wala haukuwa na hoteli nyingi za kupokea wageni wa namna hiyo. Iliyokuwa ikijulikana ni ile ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mtu atauliza: shirika la reli lilikuwa na shughuli gani katika mji usiokuwa na reli? Jibu ni kwamba shirika lile liliendesha pia mabasi na malori katika nyanda za juu za kusini, ambako njia ya chuma haikufika. Abiria aliteremka garimoshi katika Reli ya Kati, akaendelea kwa basi la shirika siku nzima, pengine na zaidi, katika barabara za vumbi au za matope kwa kadiri ya majira. Abiria huyo alihitaji kitanda na chai ya moto. Hoteli za namna hii zilikuwa sehemu ya njia, kama madaraja na vituo vya mafuta. Wala hazikujengwa kwa ajili ya starehe peke yake.

Wala tusijidanganye juu ya asili yake. Miji midogo ya kikoloni, Mbeya, Iringa, Njombe, ilipangwa kwa ngazi. Boma lilikaa mahali pa juu. Nyumba za maofisa zilikaa karibu na boma, zikiwa na bustani. Maduka yalikaa barabara yake. Na Mwafrika alikaa mbali, akiingia sehemu za juu asubuhi kufanya kazi na kutoka jioni. Baraza ya hoteli ilijengwa ili bwana shamba, bwana misitu na mkulima wa Kizungu wapate mahali pa kunyoosha miguu. Mwafrika aliyepanda ngazi zake alizipanda akiwa na sinia mkononi. Ndiyo sababu kile alichokiona Mandela kilikuwa na uzito. Matofali yalikuwa yaleyale, viti huenda vilikuwa vilevile, na karani alikuwa wa zamani. Kilichobadilika ni nani anaweza kumwambia nani maneno ya mkazo. Mapinduzi ya namna hiyo hayaonekani katika picha, na mtu hawezi kuyajengea mnara. Yaweza tu kuonyeshwa mahali yalipotukia.

Kutoka hapo twarudi Makambako. Mandela mwenyewe alipita kwa ndege, lakini waliomfuata walikuja kwa barabara. Vijana wengi wa Afrika Kusini waliokimbia kwao katika miaka ya 1960 walipenya Bechuanaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakavuka Tunduma, wakapita Mbeya, na wakiwa katika malori na mabasi wakashika barabara kuu ya kwenda Iringa. Mtu hawezi kutoka Mbeya kwenda Iringa kwa barabara hiyo bila kuiona Makambako. Upande wa pili kulikuwa na Msumbiji. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1962, ikaanza vita tarehe 25 Septemba 1964, na Songea ikawa mlango wa kuingilia Niassa. Mkutano mkuu wa pili wa chama hicho, wa Julai 1968, ulifanyika Matchedje, ng'ambo tu ya Ruvuma. Njia ya Makambako na Njombe ilikuwa mojawapo ya njia za kufika Songea kutoka kaskazini. Njia panda ile ilikuwa na mkono mmoja uliokwenda kwenye vita vya Msumbiji, na mkono mwingine uliotoka kwenye giza la Afrika Kusini.

Halafu likaja jambo la Rhodesia. Mwezi wa Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wao wa walowezi, na Zambia ikajikuta imekabwa koo, kwa maana mafuta na bidhaa zake zilipitia kusini. Malori yakaanza kupeleka mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwa barabara hii hii, ambayo sehemu kubwa ilikuwa haijatiwa lami. Madereva waliita safari hiyo kwa jina la Jahanamu, na waliopinduka katika makorongo hawakuwa wachache. Mwaka 1968 bomba la mafuta likakamilika. Mwaka 1970 ikaanza kujengwa reli ya Tanzania na Zambia kwa mkopo wa China, yenye urefu wa kilomita 1,860, na sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote ilikuwa ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, yenye mengi ya mahandaki na madaraja ya reli hiyo. Stesheni ya Makambako, ambayo abiria wa leo huiona kuwa ni mahali pa kungojea garimoshi lililochelewa, ni ushahidi wa siasa ya nchi za mstari wa mbele kama ilivyo hati yoyote iliyotiwa sahihi.

Njombe nayo ina historia iliyotangulia haya yote. Huko Yakobi, karibu na mji, mwezi wa Septemba 1905 Wabena walishambulia misheni ya Kilutheri katika vita vya Maji Maji. Wilaya yenye kumbukumbu ya 1905, ya barabara ya ukombozi, na ya reli, haina haja ya kuazima historia kwa mtu. Inachohitaji ni kuiandika.

Hapa ndipo twapenda kuzungumza na wakuu wa serikali, kwa heshima zote. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyapa hifadhi moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililojengwa baada ya mwaka huo halipati hifadhi mpaka Waziri alitangaze. Waliotunga sheria walikuwa na sababu zao, maana fikira zao zilikuwa Kilwa, Kaole na magofu mengine ya pwani. Lakini kwa nchi ya ndani matokeo yake ni haya: katika Njombe, Makambako na Mbeya, miji iliyojengwa karibu yote baada ya tarehe hiyo, takriban hakuna ukuta wenye hifadhi kwa umri wake peke yake. Boma, stesheni, hoteli, ofisi ya kwanza ya chama, duka lililokuwa likiwaficha wakimbizi, kila kimoja chahitaji mtu wa kukitaja, mtu wa kukipima, na mtu wa kupeleka jalada mezani kwa Waziri. Pasipo mtu huyo, nyundo ya mwenye kiwanja haina kosa lolote kisheria.

Visiwani tuna sheria yetu, ambayo mizizi yake ni amri ya mwaka 1927 ya kuhifadhi majengo ya kale, na tangu mwaka 1985 tunayo mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe. Tusijivune mno. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, ilikuwa na kila aina ya hifadhi ambayo jengo laweza kupewa, ikiwa ni pamoja na kuwamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba lenye jina kama hilo laweza kuanguka mbele ya macho yetu, itakuwaje baraza ya hoteli isiyokuwa hata na jina kitabuni?

Na tunao mfano wa karibu zaidi na jambo tunalolizungumza. Ali Hassan Mwinyi alikuwa mwalimu wa shule Mangapwani kabla ya kuwa waziri, kabla ya kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Muungano mwaka 1985. Ni yeye aliyekuwa Rais wakati Mandela, aliyefunguliwa tarehe 11 Februari 1990, alipokuja Dar es Salaam mwezi uliofuata kutoa shukrani. Mzee Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024 akazikwa Mangapwani. Watu watalizuru kaburi lake, na ni vyema. Lakini kaburi huonyesha mahali mtu alipoishia. Darasa ambamo kijana wa miaka ishirini na kitu alisimama na chaki mkononi huonyesha mahali alipoanzia, na kwa mtoto wa shule hilo la pili lina mafunzo zaidi.

Jirani zetu wa Kenya wamelifahamu hili. Gereza la Kapenguria, ambamo Jomo Kenyatta na wenzake watano waliwekwa kesi yao ilipoanza mwishoni mwa mwaka 1952, limefanywa makumbusho. Na nyumba ya Maralal, alimowekwa mwaka 1961 kabla ya kufunguliwa, inahifadhiwa. Yote mawili ni majengo ya kawaida katika miji midogo ya mbali. Hapa kwetu nyumba ya Mwalimu ya Magomeni imehifadhiwa vilevile, nayo ni nyumba ambayo mtu aweza kuipita bila kugeuka. Haikuhifadhiwa kwa uzuri wake.

Tunajua jawabu litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba halmashauri ina madarasa ya kujenga, maji ya kuvuta na zahanati za kuezeka, na kwamba fedha za kutia rangi mabaraza ya zamani hazipo. Hoja hiyo si ya kudharau, na anayeitoa huenda ndiye anayejua zaidi shida za watu. Lakini tunachokiomba kwanza si fedha za ukarabati. Ukarabati wa jengo ambalo habari zake hazijathibitishwa ni kupoteza mali. Nchi hii ina vibao vya kutosha vyenye habari ambazo mwandishi wake alizisikia kwa mtu aliyezisikia kwa mtu. Kinachotakiwa kwanza ni kazi ya karatasi na ya miguu, ambayo ofisa utamaduni mmoja mwenye daftari na kinasa sauti aweza kuianza kesho.

Aende kwa wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1962, akiwa mpishi, dereva wa basi la shirika, au mfagizi wa kiwanja cha ndege, sasa amekwisha kupita umri wa miaka 80. Waliobaki ni wachache, na kila masika huondoka na baadhi yao. Wa Makambako waulizwe ni nyumba zipi zilizowapokea wageni waliosema Kiswahili kibovu na kulala mchana; wa Njombe waulizwe ni magari gani yaliyopita usiku kwenda Songea. Wengi wao waliambiwa siku hizo wasiseme, wakatii, na hakuna aliyerudi kuwaambia kwamba sasa wanaweza kusema. Jambo hili laumiza kidogo: mtu ametunza siri ya nchi kwa nusu karne na zaidi, na nchi imesahau kwamba ilimpa siri.

Aende pia kwenye majalada. Shirika la Reli na Bandari lilikuwa la nchi tatu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali zake ziligawanywa. Hoteli zikapata wenyewe wapya, na karatasi zikaenda zilikokwenda. Nyaraka za Taifa ni mahali pa kuanzia, na baada ya hapo makabati ya mashirika yaliyorithi. Ramani za viwanja za halmashauri zitasema jengo lipi lilikuwa la nani mwaka 1962. Hii ndiyo kazi ya kuthibitisha, na haiwezi kufanywa na mwandishi wa gazeti aliye ng'ambo ya bahari. Yapasa ifanywe na watu wa pale, wenye mamlaka ya kufungua makabati.

Dar es Salaam palikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika kuanzia mwaka 1963 hadi 1994, na kwa sababu hiyo nchi yetu imepewa dhamana kubwa katika mpango wa kuhifadhi urithi wa ukombozi wa bara zima. Tunaona hatari moja katika mpango huo, nayo ni kwamba macho yatakwenda kwenye makambi na makaburi, Kongwa, Nachingwea na Mazimbu, ambako kuna mengi ya kuonyesha, na kuyapita mabaraza na stesheni ambako watu walisimama kwa saa moja tu. Makambi yanastahili. Lakini wakuu wa mikoa ya Njombe, Mbeya na Songwe wakikaa pamoja, wakaitazama barabara yao kutoka Makambako hadi Tunduma kama kitu kimoja, watakuwa na orodha ambayo hakuna mkoa mwingine wa bara utakaoweza kuishinda.

Na katika orodha hiyo liwemo swali moja ambalo halijapata jibu kitabuni. Mwakangale anajulikana. Mandela anajulikana na dunia nzima. Yule Mwafrika aliyeondoka kitini akaenda mezani kwa karani kuwatetea watu asiowajua, hakutajwa jina. Alikuwa mgeni wa hoteli: pengine mwalimu aliyekuwa akihamishwa, pengine karani wa ushirika kutoka Rungwe au mfanyabiashara kutoka Njombe. Hoteli za wakati ule zilikuwa na daftari ambalo kila mgeni aliandika jina lake, alikotoka na tarehe aliyofika. Kama daftari la mwezi wa Januari 1962 lingalipo chini ya vumbi la kabati lolote, jina lake limo, kwa mwandiko wake mwenyewe.